Alama za Wino za Mama Kavata

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Kitui, nilifungua mlango wa chumba cha giza filamu zikiwa bado kwenye dawa. Humo ndimo tulimosafishia picha za eksirei kabla ya kompyuta kuja, na mwanga kidogo tu ulitosha kuziharibu. Picha za asubuhi nzima zikaenda. Msimamizi wa Eksirei, mzee mpole aliyevaa kofia hata ndani, hakunigombeza. Alitoka akawaambia wagonjwa kwenye benchi, "Poleni, watu wetu. Mashine imetusumbua kidogo." Mashine haikuwa na kosa lolote. Nilimpenda mzee yule tangu siku hiyo, ingawa upole wake sikuuiga upesi.

Nikahamishiwa mji wa Wote, ambako nilijifunza skani, mashine inayopiga mwili picha nyembamba nyingi, kama mkate wa slesi. Kisha nikapelekwa kwenye kituo cha tiba ya mionzi, walikotumwa wagonjwa wetu wa saratani kutoka Kitui na Makueni.

Vijana hudhani mionzi humulikwa tu kama tochi. Mionzi haioni kitu. Macho yake ni picha. Kwanza tulimpiga mgonjwa skani akiwa amelala vile vile atakavyolala kila siku ya tiba. Daktari alichora mipaka ya uvimbe juu ya picha, mwanafizikia akapiga hesabu za mionzi ipite wapi, nasi tukachora misalaba midogo ya wino kwenye ngozi. Kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki kadhaa, tulimlaza kwa kufuata misalaba hiyo. Ikifutika, tumepotea njia. Kwa hiyo nilikuwa na onyo langu: "Ukiosha alama hizi, usirudi hapa!" Mdomo wangu ulikuwa mkali, na niliona naokoa maisha.

Mama Kavata alikuwa muuza ndengu wa Migwani, mwenye kansa ya mlango wa kizazi. Alikuwa mcheshi hata siku za maumivu, na wikendi alirudi kwake. Jumatatu ya wiki yake ya tatu alilala kitandani, na alama zake zilikuwa nyeusi tititi. Nikamsifu, nikimwita mama kwa Kikamba. "Mwaitu, wewe ndiye mgonjwa wa mfano! Umezitunza."

Akafumba macho. Mkuu wa Mionzi, aliyekuwa akipita, akasimama akaziangalia.

"Ijumaa zilikuwa zimefifia," akasema. "Leo zinang'aa. Piga picha ya kuhakiki."

"Lakini mkuu, picha yake ya kila wiki ni Jumatano. Na foleni si unaiona?"

"Mimi sibishani na ngozi. Nionyeshe mfupa."

Nilipiga huku nimenuna. Tulipoweka picha mpya juu ya ile ya skani, mifupa ya nyonga ilikuwa imehama upana wa vidole viwili. Laiti ningebonyeza kitufe, ukingo mmoja wa uvimbe ungekosa mionzi, na utumbo usio na ugonjwa ungechomwa. Mwanamke mzima mimi, nilikuwa nimesifu wino wa kalamu ya dukani.

Mkuu akavuta kiti, akaketi karibu na kichwa cha mgonjwa. "Mama, hakuna mtu atakufukuza. Hizi alama nani alichora?"

"Ni msichana wangu," Mama Kavata akasema, machozi yakimtoka. "Mvua ilinyesha, silanga, hiyo bwawa yetu ya maji ya mvua, ikajaa, kanisa ikasema ubatizo ni Jumapili. Na silanga yetu ikikauka ni mpaka mvua ingine. Sasa nani alijua kama mimi nitafika mvua ingine? Nikaingia maji. Kutoka, alama hakuna. Na huyu daktari alisema nisirudi."

Huyu daktari ni mimi, na hata daktari sikuwa.

Alikuwa ameogopa kufa bila ubatizo, kisha akaogopa kufa kwa kukosa tiba, na hofu hiyo ya pili nilimpa mimi. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena. Nikamshika mkono nikamwambia, "Mwaitu, nisamehe. Ungekuja bila alama hata moja, ningekupokea." Akacheka katikati ya machozi. "Aiya! Si ungesema hivyo mapema?"

Tulimrudisha kwenye skani, tukachora upya, akaendelea na tiba siku iliyofuata. Hakukosa hata siku moja mpaka alipomaliza. Mimi nililitupa lile onyo langu. Badala yake niliwauliza wagonjwa: wikendi hii kuna nini nyumbani? Harusi? Mazishi? Ubatizo? Na Mkuu yule, ambaye jicho lake liliona wino kabla mashine haijaona mfupa, namheshimu mpaka leo.

Leo kuna mashine zinazopiga picha kila siku kabla ya mionzi, nami huzistaajabia kweli. Nyinyi vijana mnaozirithi mna bahati. Lakini picha ilituonyesha tu kwamba mifupa imehama. Sababu alikuwa nayo Mama Kavata, na aliificha kwa kuniogopa.

Wiki yangu ya mwisho kabla ya kustaafu simu ililia. Nyuma ya sauti kulikuwa na nyimbo na kelele za watu.

"Daktari, niko hapa kwa silanga," Mama Kavata akasema. "Imejaa. Wanabatiza wengine, na mimi nimeshika taulo zao."

Nilikaa chini kwenye benchi la wagonjwa, nikalia kwa furaha.