Pointi Moja ya Moyo

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, pale Albert Park, Durban, nilijua mabeki kuliko nilivyojua Zaburi. Jambo hilo lilimsikitisha sana mama yangu. Tuliishi ghorofa ya sita, na dirisha la jikoni lilitazama uwanja ambapo timu yetu ya Wakongo, pamoja na Watanzania wachache waliovumilia Kiswahili chetu, ilicheza kila Jumapili baada ya ibada. Watoto wenzangu walipenda wafungaji wa magoli. Mimi niliona wafungaji ni watu wa kujisifu tu. Nilipenda mabeki, kwa sababu baba yangu mdogo, Bahati, alikuwa beki namba mbili, na alikuwa kitinda mimba wa Koko. Koko ndivyo tulivyomwita bibi yetu, mama yake baba.

Mwaka wa Kombe la Dunia, mji wote ukipuliza vuvuzela, Bahati alipigwa teke kwenye mguu wa kulia katikati ya mechi. Kocha alimwita atoke. Alikataa kwa kupunga mkono, akamaliza dakika zote akichechemea, na watu wakambeba mabegani hadi mlangoni kwetu. Mguu ulivimba na yeye akanyamaza nao. Wiki tatu baadaye tulimzika. Daktari alisema damu iliganda mguuni ikapanda hadi kwenye mapafu. Mtaani walisema mengine, kama kawaida ya mtaa. Mimi nilichoshika moyoni ni kwamba hakukubali kutoka.

Jezi yake ilikaa mwaka mzima kwenye sanduku la Koko. Kisha akaja Espoir, kijana wa miaka kumi na tisa kutoka Uvira, mpole, mwenye miguu mirefu. Siku za kazi alilinda magari mbele ya maduka huko Morningside, amesimama tangu asubuhi hadi maduka yafungwe. Papa Étienne, kocha wetu ambaye pia alikuwa fundi wa simu, alipomwona akikaba mazoezini, alipanda ghorofa zote sita kuja kuomba ile jezi. Koko aliifua, akaipiga pasi, akamkabidhi Espoir mwenyewe.

"Hii ni nguo," alimwambia. "Vaa nguo. Usivae mutu."

Kisha akatugeukia sisi tuliokuwa sebuleni. "Na nyinyi, asiwepo wa kumulinganisha na mwenye alikwenda. Ukilinganisha muzima na mufu, unamuonesha njia yake. Ataifuata."

"Ndiyo, Maman," alisema kocha, na akatazama chini.

Huo ulikuwa mwiko wa zamani kwa Koko. Hata mtoto mchanga akizaliwa na pua ileile ya babu aliyefariki, kwao husemwa tu kwamba mtoto amefanana na mwenyewe. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mbishi, nikauliza kuhusu Hamisi, yule beki wa Tanga aliyecheza kabla ya Bahati.

"Hamisi iko Cape Town, anakula samaki," alisema Koko. "Huyo mulinganishe mpaka uchoke."

Nilichoka siku hiyohiyo. Nilikuwa na daftari la kulinganishia mabeki, lenye safu nne: mbio, vichwa, kukaba na moyo, kila moja pointi kumi. Hamisi alikuwa mstaarabu uwanjani. Akikuchezea rafu alikuinua na kukuuliza habari za nyumbani, lakini mbio hakuwa nazo. Alipata thelathini na moja. Espoir alimwacha mbali. Sasa ningefanya nini na beki aliyempita Hamisi? La kuvunda halina ubani. Nilifungua ukurasa mpya, nikaandika jina la Bahati upande wa kushoto na la Espoir upande wa kulia, nikalificha daftari chini ya godoro.

Sikuwa peke yangu katika dhambi hiyo. Saluni, kanisani, kwenye foleni ya lifti, watu walinong'ona kwamba Bahati amerudi. Lakini wao walinong'ona tu. Mimi niliandika, na aliyeandika hawezi kukana.

Jumamosi moja, kabla ya mechi na wafanyakazi wa viwanda vya Jacobs, nilimkuta Espoir kwenye ngazi za flati, lifti ikiwa imekufa tena. Alikuwa amevua viatu, anasugua mguu wa kulia. Nilidhani ni uchovu wa kusimama. Nikaenda mbio kuleta daftari, maana siri ya mtoto haina kufuli.

"Hamisi umemupa ngapi?" aliuliza.

"Makumi tatu na moja. Umemupita."

Alicheka. Kisha akafunua ukurasa wa pili, na kicheko kikaisha. "Na huyu?"

"Yeye makumi tatu na tisa, weye makumi tatu na nane. Inabaki pointi moja tu."

"Ya wapi?"

"Ya moyo. Yeye hakukuwa anaomba kutoka."

Alipitisha kidole kwenye ile safu ya moyo. "Sharp," alisema, neno la Durban la kukubali, akanirudishia daftari na kuvaa viatu taratibu.

Jumapili ile alicheza vizuri kuliko siku zote, nami nilikaa chini karibu na benchi nikimhesabia. Kipindi cha pili nilianza kuona anakanyaga kwa kisigino. Kocha alimpigia kelele atoke. Espoir akapunga mkono wa kukataa, vilevile, hata vidole vilikaa vilevile. Koko, aliyekuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki, alisimama. Dakika chache baadaye winga wa Jacobs alimpita, Espoir akageuka kumfuata, na mguu ukakataa. Alianguka peke yake, hakuna aliyemgusa.

Walipompeleka hospitali nilichukua daftari, nikaingia chooni kwetu nikafunga mlango. Nilihesabu wiki tatu kwa vidole. Nililia mpaka Koko akagonga, nikampa daftari kupitia nafasi iliyo chini ya mlango. Koko hakujua kusoma sana, lakini jina la mwanawe alilijua. Nilingoja kofi. Halikuja.

"Fungua," alisema. "Weye umemufunga, weye utamufungua."

Dawa yake haikuwa na majani wala maombi. Aliyelinganisha lazima aende amtenganishe. Lazima amwambie mtu huyo, uso kwa uso, kila alichopungukiwa mbele ya marehemu, bila kumpamba, mpaka ajulikane kuwa ni mwingine. Siku ya nne tulipanda taksi mpaka hospitali. Espoir alikuwa amelala, mguu uliovunjika ukiwa ndani ya plasta, anatabasamu kama mtu aliyeambiwa atabasamu apigwe picha.

"Sina shida, Koko. Niko sawa kabisa."

Koko alinisukuma mbele. Nilisimama karibu na kitanda.

"Weye siyo Bahati," nilianza, nikitaja yale niliyoyapuuza nilipogawa pointi. "Bahati alikuwa anaruka vichwa. Weye unafunga macho. Mipira yako ya mbali inaendaka barabarani. Mguu wako wa kushoto ni wa kukanyagia tu. Bahati alikuwa anaimba, weye ukiimba kanisani watu wanageuka. Na refa akikuonya, unasema pardon."

Espoir alianza kucheka kwenye ule mpira wa barabarani. Kufika kwenye kuimba alikuwa anacheka kwa machozi, na ghafla yakawa machozi matupu. Alijifunika uso kwa mkono.

"Eish, Koko. Inaniuma. Mbele ya mechi ilikuwa inaniuma wiki mbili. Na sasa hapa nyuma ya mguu inaniuma zaidi, tangu juzi. Sikusema."

"Juu ya nini haukusema?"

"Bahati hangesema."

Bibi yule wa miaka sabini, mwenye magoti mabovu, alitoka wodini kwa kasi ambayo sijaiona tena, akamleta muuguzi akimvuta kwa mkono, akionyesha plasta na kurudia neno moja la Kiingereza alilolijua kwa ajili hiyo: blood. Walimpima siku hiyohiyo. Damu ilikuwa imeanza kuganda mguuni. Walimpa dawa, wakamweka wiki nzima zaidi, na daktari akasema ni heri alivyosema mapema.

Kwa miaka mingi nilijiuliza kama mwiko wa Koko ulikuwa wa kweli. Sasa nimeufikia na kuupita umri aliokufa nao Bahati, na jibu langu si la kupendeza. Hapakuwa na mzimu wowote uwanjani. Palikuwa na mtoto na daftari, na nyuma ya mtoto mtaa mzima, tukimsifu marehemu kwa jambo lilelile lililomuua, kisha tukimdai kijana wa watu alifanye pia. Njia ya Bahati tuliichonga sisi. Koko alikuwa amemzika mwanawe, alijua tu kwamba ipo.

Espoir alirudi uwanjani msimu uliofuata, na jezi namba kumi na nne. Alikuwa beki wa kawaida. Akichoka aliinua mkono kuomba kutoka, na kila alipoinua, Koko alimpigia makofi peke yake kwenye kiti chake cha plastiki, watu wakidhani mzee hajui mpira. Ule ukurasa niliuchana kwenye daftari, naye Koko akauwashia mkaa wa kupikia maharage.

Majuzi Espoir alinipigia simu kutoka Pietermaritzburg anakoishi na mke na watoto watatu. Alilalamika kwa nusu saa: baridi, mguu, mgongo, bei ya mafuta, tena mguu. Nilikaa chini nikamsikiliza mpaka mwisho, na alipotaka kukata nikamwuliza ni wapi pengine panamuuma.