Fundi Saa na Mchawi wa Jumamosi

Fundi Saa alihamia chumba chetu cha uani mwaka aliofariki mume wangu. Alikuja na godoro, meza nzito ya mbao na makopo saba ya biskuti. Ndani ya makopo hamkuwa na biskuti, mlikuwa na saa mbovu ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Mtu wa miaka hamsini na kitu, hana mke, hana kelele, anafua mashati yake mwenyewe na kuyaanika vifungo vyote vikiangalia upande mmoja. Mimi mtu asiye na kasoro namwogopa zaidi. Nilimchunguza miaka minne nikatoka mikono mitupu.

Kazi yake anaifanyia kwenye kibanda kidogo kando ya duka la dawa. Siku hizi watu wanatazama saa kwenye simu, kwa hiyo wateja wake ni wazee wa kubadilisha betri na maharusi wa kupunguza mkanda. Anaweza kushinda asubuhi nzima na lensi jichoni bila kutoa neno. Ukimuuliza hali anakujibu, "Inakwenda," kama vile umemuuliza kuhusu saa yako.

Halafu wageni wakaanza. Kila Jumamosi alasiri chumbani kwake anakuja kinyozi wa mtaa wa pili, anakuja nesi mmoja mwenye kicheko kikubwa, na anaingia binti yangu wa kumzaa mwenyewe, mshonaji wa sare za shule, miaka ishirini na miwili. Mlango unarudishwa, pazia linashushwa. Siku moja nikipita na ndoo nilisikia kitu kikibingirika mezani, kisha nesi akasema, "Mroge basi, unangoja nini?"

Nilimbana binti jioni ile ile. Akaniambia ni mchezo wa kusimulia hadithi, kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, na Fundi ndiye anayeiongoza. Kinyozi ni mpiga upanga, nesi ni mwizi, yeye ni mchawi. Neno hilo alilitamka huku anavua viatu, kama anayesema yeye ni mpishi. Akanieleza kwamba katika nchi yao hiyo uchawi ni adimu, watu wanategemea mapanga na miguu yao, na hata yeye mchawi mwenyewe harogi hovyo. Miezi mitano ameroga mara tatu tu. Sikutulia. Mtu akikwambia anaroga mara chache, hajakwambia harogi.

Wiki iliyofuata, nikifua sketi yake, nikakuta karatasi mfukoni. Mwandiko ni wake. "Jina la kaka yangu. Ladha ya maji. Ndoto zangu." Vyote vimekatwa kwa mstari, na pembeni ameandika: nimetoa. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja ambao haujakatwa: "Sauti ya mama."

Niliketi juu ya ndoo. Wiki hiyo yote koo lilikuwa linanikwaruza, na mafua sikuwa nayo.

Sikumwambia mtu. Nilikata shauri kwamba Jumamosi nitaingia, nitampa Fundi Saa hadi mwisho wa mwezi awe amehama, na binti nitampiga marufuku asikanyage tena kule.

Niliingia bila hodi. Nilitafuta ubani, nikatafuta kitambaa chekundu, sikuona. Niliona ramani ya penseli na dadu za pande nyingi ambazo fundi alizichonga kwa tupa kutoka vipande vya plastiki ngumu, tarakimu zake ndogo kama za uso wa saa. Fundi akasimama akanipisha kiti chake. Nikamwambia nimekuja na neno. Akasema atalisikia, ila nimvumilie kidogo maana kinyozi anazama.

Kinyozi alikuwa amekaa mbele yangu, mkavu kabisa. Katika hadithi yuko kisimani, na kamba ya nesi imekatika. Mchawi peke yake ndiye anaweza kumtoa, na kila akiroga lazima atoe kitu chake ambacho hakitarudi. Kimembakia kimoja.

"Dada, roga, nakufa," kinyozi alisema. "Nyumbani nimeaga nakuja kucheza."

Binti alinitazama, kalamu mkononi, jasho limemtoka juu ya mdomo.

"Sitoi," akasema. "Nikitoa hiki sina kingine."

"Yaani mimi nife kwa ajili ya mama wa kubuni?"

"Mama mwenyewe si huyo amekaa," nesi akamwambia.

Hapo ndipo nikauliza kilichonikaba wiki nzima.

"Anayepokea ni nani?"

Wote wakanigeukia. Kinyozi akanieleza kwa upole kwamba hakuna anayepokea, vitu vinapotea tu, ndiyo sheria. Nikamwambia nina miaka arobaini na tisa, na sijaona kitu cha mtu kikapotea bila kuingia mikononi mwa mwingine.

Fundi Saa alikuwa anapangusa dadu kwa brashi yake ya kazini. Akaacha.

"Miezi mitano," alisema, "nimengoja mmoja wenu aulize hilo."

Nesi akaziba mdomo. Binti akaweka kalamu chini, akasema mchawi wake anainama juu ya kisima na kuuliza swali la mama yake. Alirusha dadu ya pande ishirini, ikatoka kumi na tisa. Fundi akasimulia taratibu kwamba ndani ya maji kuna aliyeshtuka kwa kugunduliwa, na mkono uliokuwa umemshika kinyozi mguu ukalegea. Kinyozi akapanda juu. Muda wote walidhani anazama, kumbe alikuwa ameshikwa.

Fundi akaniuliza neno nililokuja nalo. Nikamwambia atahama, lakini kwanza anitajie mwenye mkono.

"Siwezi, mama. Lazima mumtafute."

"Sisi akina nani?"

Akasogeza kiti changu karibu na ramani.

Hajahama bado. Jumamosi nakaa pale, mlango wazi kwa amri yangu, pazia nimelishusha kabisa nikalikunja kabatini. Dadu sizigusi, kazi yangu ni kuuliza. Kwa sasa namshuku mlinda lango wa mji wa chumvi, ule wa kwenye ramani. Anawabebea watu mizigo bila kuombwa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona akila.