Viazi vya Mama Limi

Michembe ikichemka ina harufu yake: utamu mzito, moshi kidogo, na vumbi la mwamba ilikoanikwa. Kwetu, mwendo wa baiskeli kutoka Mhunze, harufu hiyo ndiyo iliyotuambia kwamba kumekucha na njaa haitatuua leo. Viazi vitamu vilimenywa, vikakatwa vipande vyembamba, vikaanikwa mpaka vikakauka kau, vikawa michembe, vikawekwa ghalani kungoja kiangazi. Kiazi kilichoanikwa tulikiamini. Jua likishakipiga, wadudu wamekufa, na kama kuna mwenye mkono mbaya aliyekigusa, hilo nalo limekwisha. Hivyo ndivyo alivyoamini Mama, na mimi Milembe, mtoto wake wa kwanza, niliamini kila alichoamini yeye.

Mwaka ninaousema mvua ilitunyima. Mchicha ulikauka, mapapai yakadondoka yangali madogo, tukawa watu wa ugali na maharage, basi. Ndipo mdogo wangu Kabula, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, alipoanza kujikwaa. Mchana alikimbia na wenzake vizuri tu. Jua likitua, anapapasa ukuta, anakanyaga kuku, analia. "Nani kazima?" aliuliza jioni moja wakati sisi wengine bado tunaonana sura, na Mama akauachia mwiko ndani ya chungu. Niliogopa mno. Nilijua mdogo wangu anakuwa kipofu, na nilidhani wakubwa wanamjua aliyefanya hivyo.

Baba alisema anamjua. Mama Limi, jirani aliyehamia kutoka Segese na mumewe mchimbaji, hakuwa na ndugu hata mmoja kijijini. Shamba lake la bondeni, penye unyevu, lilikuwa na viazi ambavyo ukivipasua, ndani ni rangi ya chungwa. Nani kwetu aliwahi kuona kiazi cha namna ile? Marando ya kupanda alipewa bure na watu waliokuja na gari, naye akawa anayagawa bure. Bure! Baba alilitamka neno hilo kama mtu anayetema kitu. Wengine walisema viazi vile vinafunga uzazi. Wengine walisema Kabula alionekana uani kwake akicheza na mwanawe Limi. "Mtoto amechezewa," Baba akasema, na tangu siku hiyo tukakatazwa kumwamkia yule mama. Jamani, mtoto kumpita mtu mzima bila shikamoo! Nilikuwa napita nimeinamisha kichwa, nikihisi macho yake mgongoni.

Mama alimpeleka Kabula zahanati. Muuguzi akamtazama macho, akasema ni upungufu wa vitamini A. Matone ya vitamini hiyo yalikuwa yamekwisha pale zahanati. Kwa sasa mtoto ale mboga za majani zilizotiwa mafuta kidogo, papai, karoti, na hasa viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa. "Dawa yenyewe ndiyo ile rangi," akasema. Katika vyote Mama alivyotajiwa, kiangazi kilikuwa kimebakiza kimoja tu, nacho kilikuwa shambani kwa Mama Limi.

Alikwenda. Sijui walisemezana nini. Alirudi na kapu limejaa na uso umejaa wasiwasi. Sasa sikiliza alichofanya mama yangu, maana ni watu wa kwetu tu wangekifanya. Hakuvipika. Alivimenya, akavikata, akavianika mwambani siku baada ya siku mpaka vikawa vikigongana vinalia. Jua litoe walichokitia, alisema. Likishakitoa, mtoto atakula kiazi kitupu. Tukamlisha Kabula michembe ile asubuhi na jioni, na Kabula akaendelea kupapasa ukuta.

"Mmeona?" Baba akafoka. Akasema atakwenda kwa Mama Limi na vijana wa ukoo, na sote tulijua safari za namna hiyo zinavyoisha. Mama alikuwa ameinamia chungu. Akachota kipande, akakitazama penye mwanga wa mlango, akachota kingine. Vilikuwa vimepauka, huwezi kuvitofautisha na michembe yetu ya miaka yote.

"Baba Milembe," akasema polepole, "rangi iko wapi? Muuguzi alisema dawa ni rangi. Tumeianika sisi wenyewe mpaka imeisha."

Akatoka hivyo hivyo mpaka kwa Mama Limi, akarudi na viazi vibichi. Akavichemsha na maganda yake, akavimenya, akaviponda na mafuta kidogo, akala yeye kwanza, mbele ya Baba, huku amemkazia macho. "Nikifa, nenda na vijana wako," akasema. Hofu ilikuwa haijamtoka hata kidogo. Kisha akampa Kabula.

Haukuwa muujiza wa siku moja. Tulimlisha, tukangoja, tukamlisha tena, mpaka jioni moja giza likiingia Kabula akamfukuza kifaranga uani na kumkamata. Mama alikaa chini kwenye vumbi akalia. Nikafurahi, nikadhani yamekwisha, kesho nitamwamkia Mama Limi. Baba akasema, ametulia kabisa: "Basi, yule mwanamke ameogopa. Amemwachia mtoto." Na kijiji kizima kikamwelewa. Kabla ya mvua kurudi, Mama Limi na mumewe walifunga mizigo wakarudi Segese, na viazi vyake vikachimbwa na watu wale wale waliosema vinafunga uzazi.

Leo naishi Nyarugusu, kwenye dhahabu. Viazi lishe vimejaa sokoni na hakuna anayeviogopa. Hapa mwenye kushuku ni mimi, na sababu ninayo: maji ya kuoshea dhahabu yana zebaki, na mchicha uliostawi kuliko wote mara nyingi umeota karibu nayo. Huwezi kuniambia habari za vitamini zake kabla sijajua umekunywa nini. Kwa hiyo namuuliza muuzaji: "Mama, mchicha huu umeumwagilia maji gani?" Wengine hunisonya. Wengine hunishika mkono wakanipeleka mpaka kisimani kwao nikaone. Nikiridhika nanunua, nisiporidhika naaga. Lakini namuuliza mwenyewe, na nasubiri anijibu. Mama Limi aliishi nasi msimu mzima tukinong'ona juu yake, na sikumbuki hata mtu mmoja aliyekwenda kumuuliza.