Ukuta wa Mikuki na Jua la Ijumaa

Nimechoka, na uchovu huu si wa majani ya chai niliyochuma asubuhi wala wa vipindi nilivyofundisha mchana. Rafiki yangu, Mhindi wa duka la vitambaa mjini Kisii, amefunga duka na kuhamia Nairobi kwa mwanawe.

Kwa miaka mingi tulipigana vita kila Ijumaa kwenye meza yake ya kukatia vitambaa, kwa askari wadogo wa plastiki tuliowapaka rangi wenyewe. Wachezaji wengine hupenda majoka na mazimwi. Sisi tulishika binadamu tu, falme mbili. Ufalme wake ulikuwa wa wapanda farasi: wanakuja mbio, wanavunja safu, na wakikwama mara moja tu, kwisha habari yao. Wangu ulikuwa wa askari wa miguu, ngao kwa ngao, mikuki mbele, pinde nyuma. Hawaendi popote. Wanangoja.

Tena nilikuwa na kikosi cha akiba ambacho hakimo katika kanuni: Sabato, inayoanza Ijumaa jua linapozama. Jua likianza kushuka, mimi Msabato naweka dadu chini na kurudi nyumbani Nyamache. Kwa hiyo alilazimika kushambulia mapema, kwa pupa, na farasi wake wakafia kwenye mikuki yangu. Hakuwahi kunishinda, na ilimkera kwelikweli.

"Huyo Mungu wako anacheza upande wako, mwalimu," alikuwa akilalamika.

Ijumaa ya mwisho, rafu zikiwa tupu, alipanga askari wa miguu. Ngao kwa ngao, kama mimi.

"Farasi wako wapi?" nikamuuliza.

"Leo sina haraka."

Basi tukakaa, kuta mbili zikitazamana, hakuna anayesogea. Nikaona upuuzi gani huu, mtu anaondoka kesho na bado hajaonja ushindi. Nikawatoa watu wangu kwenye safu, nikawasogeza uwanjani bila ngao pembeni, wapigwe tu yaishe. Mwanafunzi wa darasa la nne angewamaliza.

Hakugusa dadu.

"Rudisha watu wako," akasema. "Nani amekuambia nataka kushinda? Tukimaliza, si utaenda?"

Nikawarudisha mmoja mmoja, polepole. Nje jua lilizama, na mimi, Msabato wa kuzaliwa, nilikuwa bado nimekaa.