Ugomvi wa Wajamaa Wawili wa Isansa

Wenzangu mliokula ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, mkaapa hamtaurudia, njooni tukumbushane. Sisi wa Isansa tulikua na harufu ya maua ya kahawa, na filimbi ya alfajiri iliyowatoa wazazi kwenda kulima shamba la kijiji. Shuleni tulikwenda na jembe begani na kuni kichwani. Daftari lilikuwa nyongeza tu. Watoto wa leo wakibeba chupa ya maji wanalalamika mgongo.

Nyumbani kwetu kulikuwa na wajamaa wawili wa tumbo moja. Baba alikuwa katibu wa chama kijijini. Mdogo wake, Baba Mdogo Yotamu, alikuwa msimamizi wa shamba la kijiji. Mashati yao yalifanana kama ya mapacha, kwa sababu duka lilikuwa limeletewa jora moja tu. Wakiwa na amani waliitana kwa majina. Wakianza kuitana "Ndugu Katibu" na "Ndugu Msimamizi", Mama aliondoa vyombo mezani haraka.

Vita vya Uganda vilipoanza walikuwa kitu kimoja. Adui kaingia nyumbani, atoke. Kaka yangu Amosi, aliyekuwa askari, akaitwa. Baba Mdogo alimsindikiza hadi barabara kuu, akarudi macho mekundu akisingizia vumbi, na mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Sisi watoto nasi tukaanzisha vita vyetu, bunduki mabua ya mahindi. Hakuna aliyekubali kuwa adui, basi uadui tukawapa mbuzi wa mwenyekiti wa kijiji.

Siku moja jioni redio ikatangaza kwamba askari wetu wamevuka mpaka na wanasonga mbele. Baba akapiga makofi. Baba Mdogo akapunguza sauti ya redio.

"Tumeshamtoa. Sasa warudi."

"Ndugu Msimamizi, nyoka ukimfukuza bila kumponda kichwa, anarudi."

"Ndugu Katibu, wewe mwenyewe ulitufundisha kuwa mkulima wa kule ni mwenzetu. Leo tunamfuata na mizinga hadi jikoni kwake?"

"Huyo mkulima anachinjwa na mtawala wake! Mjamaa gani anamega ugali huku anasikia jirani akilia?"

"Na mjamaa gani anapeleka mtoto akafie ugomvi wa nchi nyingine?"

"Ni mtoto wangu!"

"Ni wangu pia!"

Mimi na Eda, binti wa Baba Mdogo, tulikuwa mlangoni tumeziba midomo. Kesho yake jeshi letu likagawanyika. Mfereji wa kahawa ndio ulikuwa mpaka. Eda na watu wake wakagoma kuuvuka. "Sisi adui tumeshamtoa," akasema, mikono kiunoni kama baba yake. Sisi wa upande wangu tukavuka peke yetu kwa mbwembwe, na beberu wa mwenyekiti akaturudisha mbio hadi jikoni kwa Mama.

Kisha kijiji kikaombwa kuchangia ng'ombe wa jeshi kwa mara nyingine. Mkutanoni Baba akamtoa maksai wake, aliyevuta plau pamoja na maksai wa Baba Mdogo. Macho yote yakamgeukia Baba Mdogo. Akasimama.

"Kumtoa adui nilichangia. Kuvuka sichangii."

Mkutano ukachafuka. "Kibaraka!" Jamaa mmoja ambaye hakuwa amechanga hata kuku akapaza sauti kwamba mtu huyu apelekwe wilayani. Enzi zile neno kibaraka halikuwa mzaha. Mtu angeweza kupelekwa na asijulikane atarudi lini. Mama akanibana mkono hadi ukauma. Sasa watu wakamtazama Katibu.

Baba akainuka taratibu. "Ndugu Msimamizi amekosea," akasema. "Amekosea sana, na nitamwambia hivyo mpaka mmoja wetu azikwe. Lakini amekataa akiwa amesimama, mbele yetu sote. Anayetaka kumpeleka wilayani aanze na mimi. Ujamaa wa kuogopa kusema hapana, mimi sikuufundisha hapa."

Yule jamaa akakumbuka kwamba ana mbuzi hawajafungwa, akaondoka.

Maksai mmoja akaenda vitani, na aliyebaki hakuweza kuvuta plau peke yake. Basi msimu ule ndugu wawili wakalima mashamba yote mawili kwa jembe la mkono, bega kwa bega, wakibishana. Matuta yalipinda vibaya, maana kila hoja ilidai mtu ageuke na kumnyooshea mwenzake mpini.

Amosi alirudi amekonda, sikio moja halisikii. Walimkalisha, kila mmoja akaeleza upande wake, wakasubiri hukumu. Akawasikiliza kwa lile sikio zima mpaka mwisho.

"Baba zangu," akasema, "naomba uji."

Baba Mdogo akakimbilia jikoni mwenyewe. Baba akabaki ameshika mkono wa mwanawe.

Siku hizi niko Tunduma, nauza vitenge karibu na mpaka. Wajukuu zetu wanabishana kwenye simu kuhusu vita vya nchi wasizoweza kuzionyesha kwenye ramani. Wakipishana neno moja, mmoja "analeft", anajitoa kwenye kundi la familia, na harusini haonekani. Juzi mjukuu wa Amosi alinikuta napika akaniuliza, "Bibi, mjamaa ndiyo jamaa tu, au?" Nikacheka, nikaanza kumweleza. Simu yake ikaita, akatoka. Nikabaki na maharage jikoni najibishana peke yangu, mara upande wa Baba, mara upande wa Baba Mdogo, na hadi yanaiva hakuna aliyekuwa ameshinda.