Mume Wangu Aling'oa Uzio wa Mamba Ili Mzungu Aone Fisi Maji

Mamba alipomkamata mama mkwe wangu, mzungu alipiga makofi.

Sisemi kwa kusikia. Nilikuwepo, mtungi mtupu kichwani.

Na siku ile mzungu hakuwa mbaya kuliko wote. Mbaya wao nilikuwa nalala naye kitanda kimoja. Tulieni niwape mkasa wenyewe.

Ni enzi za Mdachi, hapa hapa Rumonge. Naitwa Sikuzani, mke mkubwa wa Radjabu mkalimani. Mke mdogo alikuwa Biasha, mzuri wa sura, na wakati huo alikuwa na mimba ya kwanza. Nilikuwa simpendi, na sitawadanganya kwamba nilimpenda.

Wanawake tulikuwa na pahali petu pa kutekea maji. Miti minene imechomekwa ziwani kwa nusu duara, imefungwa kwa kamba za magome. Unateka ndani ya uzio, mamba anabaki nje na tamaa yake.

Mtunzaji wa uzio alikuwa mama mkwe wangu, Mama Kadidja. Kamba ikilegea anaikaza mwenyewe, na fundo lake lilijulikana: limezungushwa mara mbili, likaachiwa mkia mrefu.

Sheria ilikuwa moja tu. Pale hakuna kuosha samaki, hata kichwa cha ndagala, maana harufu ya samaki inamleta mamba. Mtoto wa Rumonge anaijua hiyo kabla hajaota meno.

Ndipo akaja mzungu kwa mashua, kutoka Usumbura.

Tulidhani kodi. Watu wakaficha mbuzi. Kumbe mwenzetu anatafuta wanyama wa majini, awatazame tu!

Radjabu ndiye aliyetutafsiria. Kwao mzungu, baharini, kuna mnyama mwenye masharubu anayelala juu ya mawe, tumbo juani, kama mlevi. Mzungu anampenda tangu utoto. Ziwani kwetu hamkuti huyo, ila kaambiwa kuna fisi maji, naye ana masharubu. Kasimama Gitaza, kasimama Magara, kila pahali fisi maji wanamchungulia mara moja na kuzama.

"Anataka pahali pazuri pa kuwaonea," Radjabu akasema. "Akipapata, mimi nitakuwa munyapara wa pwani yote."

Hapo nikajua tumekwisha.

Maana pahali pazuri kuliko pote palikuwa kwetu. Kando ya uzio kulikuwa na mawe, na asubuhi fisi maji walipanda kuota jua. Mzungu akawekewa kiti chake juu ukingoni, akaweka darubini jichoni, akakunja uso. Uzio ulimzuia kuona.

Mzungu akaanza kuusemea uzio, na hata hakumaliza sentensi yake. Radjabu alikuwa ameshasema, "Ndiyo, bwana."

Kesho yake uzio haukuwepo. Na kama hiyo haitoshi, Radjabu akawa anamwaga samaki wa mikeke juu ya mawe kila asubuhi, fisi maji wazoee. Samaki! Pahali petu pa maji!

Nilimfuata nyumbani moto ukiniwaka.

"Radjabu, weye una akili? Miti iko wapi?"

"Mpishi wa muzungu ameichoma."

"Na mamba?"

"Mamba gani? Muzungu amezipiga bunduki, zote zimekimbilia Kongo. Hapa iko salama. Weye mwanamuke, unapenda kelele sana."

Ningemtemea mate. Badala yake nikachukua mtungi na kwenda kijitoni, nyuma ya kilima, mbali mpaka shingo inauma. Wengine wakanifuata. Wengine walimwamini Radjabu, kwa sababu kuamini kulikuwa karibu zaidi.

Mama Kadidja aliamini.

Nilimbembeleza. "Mama, twende kijitoni. Mtungi wako nitaubeba miye."

Akanicheka. "Mukamwana, Radjabu nimemuzaa miye. Anaweza kudanganya muzungu, anaweza kudanganya weye. Mama yake hawezi."

Asubuhi ya siku ile ya msiba nilikuwa napita kwenda kijitoni. Fisi maji walikuwa juu ya mawe, wanatafuna mikeke. Mzungu yuko kitini, darubini jichoni, amefurahi. Radjabu amesimama nyuma yake.

Mama Kadidja aliinama na mtungi wake.

Fisi maji wote wakazama kwa pamoja. Nikafungua mdomo kumwita, na kabla sauti haijatoka maji yakapasuka.

Sitaeleza zaidi. Alipiga kelele mara moja, akamwita mwanawe kwa jina.

Mzungu akaruka kutoka kitini, akapiga makofi. Kwa jinsi alivyofurahi ungedhani tumemchezea ngoma. Kisha nadhani akakumbuka kwamba yule ni mtu, akavua kofia.

Radjabu alianguka chini akilia, akajipaka mchanga kichwani. Nami mjinga nikamwonea huruma. Nilisema moyoni, alikosea, hakujua, adhabu ameipata.

Mwili hatukuupata. Tukakaa matanga bila kaburi.

Watu walijaa nyumbani na maji yalihitajika mengi. Wanawake tukagawana zamu za kijitoni. Lakini nikaanza kuona kitu: Biasha, na tumbo lile, anatoka na mtungi na kurudi umejaa, kabla hata mimi sijafunga kanga vizuri.

"Unateka wapi, Biasha?"

"Kwetu, dada mukubwa. Nyuma ya nyumba."

"Nyuma ya nyumba iko matete tu."

Akanishangaa. "Si pale ndani ya uzio? Radjabu alisema kila mwanamuke amejengewa wake."

Nikamwambia anipeleke.

Tukapenya matete. Na pale, ziwani, umesimama uzio mdogo wa kumtosha mtu mmoja. Miti ile ile, na juu yake vipande vya kamba ambavyo Radjabu hakuvikata. Fundo limezungushwa mara mbili, mkia mrefu.

Nililia hapo kuliko nilivyolia siku ya msiba. Biasha naye akayatambua yale mafundo, akajishika tumbo.

Nikang'oa mti mmoja. Nikaubeba begani mpaka matangani, nikautupa mbele ya Radjabu katikati ya wanaume. Macho yakamtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Mpishi aliichoma, sivyo? Waambie watu hili fundo ni la nani."

Hata waliokuwa wakisoma Kurani waliinua vichwa.

"Biasha ana mimba," akasema taratibu. "Niliogopa."

"Kwa hiyo ulijua mamba ziko."

Akausukuma ule mti kwa mguu, mbali naye.

"Na mama yako? Kwa nini hukumwambia mama yako atekee huku?"

Alijibu kwa sauti ndogo, lakini kila mtu alisikia.

"Mama angewaambia wenzake. Wangerudisha uzio, na muzungu asingeona kitu."

Hakuna mwanamume aliyesimama. Wanawake ndio tulioinuka, tukaenda kung'oa miti yote na kuirudisha pahali pake, mbele ya macho ya mzungu na darubini yake. Biasha alibeba wake, tumbo mbele, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Mafundo tulifunga sisi. Lile la Mama Kadidja hakuna aliyeliweza.

Mnafikiri Radjabu aliadhibiwa? Thubutu! Mzungu alifungasha akaenda Kabonga, aliambiwa fisi maji ni wengi huko, na Radjabu akaenda naye. Walisema alivaa koti la unyapara, jekundu, vifungo vinang'aa. Mimi niliomba talaka. Biasha akajifungua mtoto wa kike nyumbani kwangu, na tukamwita Kadidja.

Basi mtu akikuapia kwamba maji hayana mamba, usibishane naye, wala usihangaike kumtazama usoni. Nenda kimya kimya nyuma ya nyumba yake, ukaone anayempenda anatekea wapi.