Mzani Nje ya Kanisa

Siku yangu ya kwanza kwenye utafiti wa kupunguza uzito nilivaa viatu vipya, nikabeba mzani kutoka stendi hadi kituo chetu cha Miembeni, mjini Bukoba. Nilikuwa nesi wa miaka mingi, nikijiona najua kupima watu. Mtafiti Mkuu, daktari mpole kutoka Dar es Salaam, alinionyesha fomu ya ridhaa, ile karatasi ambayo mtu husaini akishaelezwa kila kitu. Kisha akafungua fomu ya taarifa za washiriki, akaweka kidole kwenye safu ya asili na kabila.

"Dada, tukipima watu wa aina moja, tutawajua hao tu," aliniambia. "Halafu ushauri unaowafaa hao tutawabebesha wengine."

Watu wa Miembeni walijaa upesi: Waislamu wenye asili ya pwani, Wahindi wa madukani, Wasukuma waliohamia. Wahaya wakulima wa Kitendaguro na Kibeta, wenyeji wenyewe, walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mratibu, bosi wangu wa karibu, aliandika kwenye ripoti kwamba hawana mwamko. Mimi Mhaya nilisoma, nikanyamaza. Sababu niliijua, na hadi leo naona aibu kwamba sikuisema. Kwetu, tangu miaka ile Ukimwi ulipomaliza nyumba nyingi, mtu akikonda majirani huanza kumlilia moyoni.

Nikahamishiwa Muleba kuandikisha washiriki. Wa kwanza alikuwa Ma Kokugonza, mjane wa Kilutheri, mnene, presha iko juu, na magoti yanamuuma hata kupalilia migomba hawezi. Alipunguza mafuta na sukari, akatembea kila asubuhi, na vyote akaviandika kwenye daftari tulilompa. Miezi ikapita, gauni likaanza kumpwaya. Hapo majirani wakaanza kumletea maziwa na maombi. Siku moja shemeji yake alikuja, akakaa, akauliza kwa upole kibanja, yaani shamba lake la migomba, atamwachia nani.

Ma Kokugonza akaja kwangu kurudisha daftari. Alisema presha imeshuka na magoti yamepata nafuu, lakini hawezi kuzikwa akiwa hai. Mratibu aliniambia kwa simu niandike "amejitoa," nitafute mwingine. Nilishika kalamu, nikashindwa. Nikampigia Mtafiti Mkuu, nikamweleza yote niliyokuwa nimeyanyamazia.

"Tuliwauliza kabila lao," akasema, "hatukuwauliza msiba wao." Akaniagiza nikamuulize mama mwenyewe tufanyeje.

Mama akajibu kwamba Jumapili niulete mzani kanisani. Nilimkatalia, maana kutunza siri ya mshiriki ndiyo amri ya kwanza ya kazi yetu. Akanitazama kama mtoto mjinga, akasema siri ni yake.

Basi Jumapili, baada ya ibada, alipanda mzani uwanjani, shemeji yake akiwa mstari wa mbele. Nikasoma kilo zake za mwanzo na za siku ile.

"Mume wangu alikonda bila kutaka," alisema. "Mimi nimekonda kwa kutaka. Waitu, ndugu zangu, mwenye kunililia na anililie leo, nikiwa namwona."

Hakuna aliyelia. Nimefanya kazi chini ya mabingwa wengi, lakini sijaona ujasiri kama ule. Hata kuandika nikasahau. Kisha mama mmoja wa kwaya akavua viatu, akapanda. Wengine wakapanga foleni nyuma yake.

Vijana wangu mnaoendeleza utafiti, siku ya kuniaga nilipostaafu mlinisifu kwamba niliifungua Muleba. Sifa zile hazikuwa zangu, mimi nilibeba mzani tu. Mkiona safu tupu kwenye fomu zenu, msikimbilie kuandika kwamba watu hawana mwamko. Nendeni mkaulize wanaogopa nini.

Juzi nilikwenda kumsalimia Ma Kokugonza. Mlangoni nilimkuta shemeji yake, amekuja kuomba miche ya migomba. Tulibisha hodi, kimya. Tukazunguka nyuma ya nyumba, tukamkuta kibanjani, ameinama, anapalilia.